Kabla Hujahamia Mjini



Karibu kila kijiji kina watu waliohamia mjini. Wengine wamefanikiwa. Wamepata kazi, wanatuma fedha nyumbani, na watoto wao wanasoma. Wengine walirudi baada ya mwaka mmoja. Walikuta nyumba imebomoka na shamba liko mikononi mwa mtu mwingine, kwa sababu walikwisha kuliuza. Wengine hawajarudi, na habari zao hazisikiki.

Watu hawa wote walikwenda mji ule ule. Kwa nini hali zao ni tofauti? Bahati ipo. Lakini mara nyingi tofauti ilianza kabla ya safari. Wengine walipiga hesabu kwanza, ndipo wakafunga mizigo. Wengine walifunga mizigo kwanza, na hesabu wakaipigia mjini, fedha zikiwa zimekwisha.

Somo hili halikuambii uhame. Wala halikuambii ubaki. Uamuzi ni wako na wa jamaa yako. Somo linakuonyesha mambo ya kupima. Mfano wetu ni Dar es Salaam, kwa kuwa ndio mji mkubwa kuliko yote katika Tanzania. Lakini mambo haya yanafaa pia kwa Mwanza, Arusha, Mbeya au Dodoma.

MJI UMEKUA

Zamani mahali pale palikuwa na kijiji cha wavuvi kilichoitwa Mzizima. Katika miaka ya 1860 Sultani Majid wa Unguja alianza kujenga mji hapo. Katika sensa ya mwaka 1967 mji wa Dar es Salaam ulikuwa na watu wapatao 273,000. Katika sensa ya mwaka 2022 mkoa wa Dar es Salaam ulihesabiwa watu 5,383,728. Mji umepanuka mpaka mashamba ya zamani ya mikorosho na minazi yamekuwa mitaa.

Serikali ilipata kujaribu kuwazuia watu. Mwaka 1983 ilitungwa Sheria ya Nguvukazi. Watu wasio na kazi walikamatwa mijini wakapelekwa vijijini. Wengi wao walirudi tena mjini. Kumkamata mtu hakuondoi sababu iliyomtoa kwao.

Leo Katiba yetu, katika ibara ya 17, inasema kuwa kila raia ana haki ya kwenda kokote nchini na kuishi sehemu yoyote. Kwa hiyo huhitaji ruhusa ya mtu kuhamia mjini. Lakini ruhusa ni jambo moja, na riziki ni jambo lingine.

JIULIZE SABABU

Kaa chini na mwenzako. Ulizaneni: Kwa nini tunataka kuhama?

Labda mvua zimekuwa haba miaka miwili mfululizo. Labda shamba limegawanywa kwa ndugu wengi, na sehemu yenu haitoshi. Labda mtoto mgonjwa anahitaji hospitali kubwa. Labda ndugu ameahidi kazi. Hizi ni sababu nzito.

Lakini labda sababu ni kwamba jirani aliyekuja sikukuu alivaa viatu vizuri. Hiyo ni sababu nyepesi. Jirani huyo hakukuonyesha chumba anacholala. Hakukwambia alikopa kwa nani fedha za viatu.

Uamuzi huu si wa mume peke yake. Mke ndiye atakayenunua maji kila siku, na ndiye atakayepika chakula kwa mkaa wa kupimiwa kwenye kopo. Mwulize naye. Tena ujue kuwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Na shamba mlilolima pamoja ni jasho la wote wawili.

Wazee nao waulizwe. Je, nani atabaki nao? Nani atawatekea maji?

TUPIGE HESABU YA MWEZI MMOJA

Sasa unajua kusoma, kuandika na kuhesabu. Chukua kalamu na daftari. Tuseme kuna mkulima mmoja mwenye mke na watoto wanne. Jumla ni watu sita. Anafikiri kuhamia Dar es Salaam na kupanga vyumba viwili. Bei tunazotumia hapa ni za mfano tu. Bei hubadilika kila mwaka na kila mtaa. Wewe utaulizia bei za kweli, kisha utaweka tarakimu zako.

Matumizi ya mwezi:

Kodi ya vyumba 2, shilingi 50,000 kila kimoja: 100,000
Unga kilo 2 kwa siku, kilo moja shilingi 1,500: 90,000
Mboga, maharage, mafuta, chumvi na sukari, shilingi 4,000 kwa siku: 120,000
Maji ndoo 6 kwa siku, ndoo moja shilingi 100: 18,000
Mkaa, shilingi 1,500 kwa siku: 45,000
Nauli ya baba kwenda na kurudi kazini, shilingi 1,200 kwa siku 26: 31,200
Umeme, sabuni, dawa na daftari za watoto: 45,000

Jumla: shilingi 449,200

Sasa tuangalie mapato. Mkulima huyu hana ufundi wa cheti. Kazi atakayoipata upesi ni ya saidia fundi, yaani kubeba zege na matofali kwenye majengo. Tuseme analipwa shilingi 15,000 kwa siku. Kazi hiyo haipatikani kila siku. Tuseme anaipata siku 16 kwa mwezi. Atapata shilingi 240,000.

Mke wake anapika vitumbua na kuviuza asubuhi. Akiisha kutoa gharama ya mchele, mafuta na mkaa wa kupikia vitumbua, anabaki na faida ya shilingi 4,000 kwa siku. Kwa siku 26 ni shilingi 104,000.

Mapato yote ni 240,000 na 104,000. Jumla: shilingi 344,000.

Toa 344,000 katika 449,200. Upungufu ni shilingi 105,200 kila mwezi. Na hapa hakuna aliyeugua. Hakuna msiba. Hakuna mgeni. Hakuna siku ya mvua iliyosimamisha ujenzi.

Watapunguza nini? Wanaweza kukaa katika chumba kimoja, watu sita, kwa kutenganisha kitanda na pazia. Watapunguza 50,000. Bado wanapungukiwa shilingi 55,200.

Sasa tazama mstari wa unga. Ni shilingi 90,000 kwa mwezi. Kijijini unga huo hawaununui. Kama shamba lao bado lipo, na wanaletewa mahindi kutoka nyumbani, mstari huo unabadilika. Tuseme kusafirisha na kusaga mahindi ya mwezi mmoja ni shilingi 10,000. Basi wameokoa 80,000. Toa upungufu wa 55,200. Wanabaki na ziada ya shilingi 24,800.

Umeona? Jamaa ile ile, mji ule ule, kazi ile ile. Shamba likiuzwa, wanaingia deni kila mwezi. Shamba likiwapo, wanaweka akiba kidogo.

SHAMBA USILIUZE

Hili ndilo jambo kubwa katika somo hili. Watu wengi huuza shamba ili wapate nauli na kodi ya kuanzia. Fedha za shamba ni nyingi siku ya kwanza. Baada ya miezi sita zimekwisha. Shamba nalo halirudi.

Jamaa ya watu sita wanaokula kilo 2 za unga kwa siku wanatumia kilo 730 kwa mwaka. Wakila dona, magunia 8 ya mahindi ya kilo mia mia yanatosha. Magunia hayo wanaweza kuyapata kwa njia mbili au tatu:

Kwanza, mnaweza kumwachia ndugu alime kwa mapatano. Yeye achukue sehemu yake, na ninyi mpate sehemu yenu. Mapatano hayo yaandikwe, na mashahidi watie sahihi.

Pili, mnaweza kulikodisha shamba kwa msimu mmoja mmoja. Andikeni ukubwa wa shamba, mipaka yake, kiasi cha fedha, na tarehe ya mwisho.

Tatu, mmoja wenu anaweza kurudi wakati wa kupanda na wakati wa kuvuna.

Usiliache shamba likae pori tu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema kuwa shamba lililokaa bila kutumiwa kwa miaka 5 au zaidi linaweza kuhesabiwa kuwa limetelekezwa. Kwa hiyo kabla ya kuondoka, nenda kwenye ofisi ya kijiji. Waambie nani atalitumia shamba lako. Kama kijiji chenu kinatoa hati za hakimiliki ya kimila, omba hati yako. Majina ya mume na mke yaandikwe wote wawili.

ATANGULIE MMOJA

Usihamishe jamaa nzima kwa siku moja. Atangulie mtu mmoja. Mwenye kutangulia akae miezi mitatu au zaidi. Wengine wabaki nyumbani, wakilima.

Mtu mmoja anaweza kulala kwa ndugu, katika kona ya chumba. Watu sita hawawezi. Mtu mmoja akikosa kazi leo, anaweza kula muhogo na kulala. Watoto wanne wakikosa chakula watalia.

Aliyetangulia ana kazi nne. Atafute kazi. Aulizie bei za kodi, unga, maji na nauli, aziandike. Atazame shule na zahanati. Na awe mkweli akipiga simu nyumbani. Wanaume wengi huona aibu kusema, "Bado sijapata kitu." Wanasema, "Mambo ni mazuri, njooni." Jamaa wanafika, wanakuta mambo si mazuri hata kidogo. Uongo huo umevunja nyumba nyingi.

Kabla ya kwenda, fikiri pia una ujuzi gani. Kazi za mjini zinataka mikono inayojua kitu. Je, unajua kujenga? Kushona? Kutengeneza baiskeli? Kusuka? Kupika kwa ajili ya watu wengi? Kama kuna fundi kijijini au katika mji mdogo wa jirani, jifunze kwake kwanza. Anayejua kazi hatafuti sawa na asiyejua.

FEDHA ZA KWENDA NA FEDHA ZA KURUDI

Wakati wa kuhamisha jamaa ukifika, pigeni hesabu ya pili. Tuseme:

Kodi ya chumba kimoja kwa miezi 6: 300,000
Malipo ya dalali: 50,000
Nauli ya jamaa nzima: 150,000
Mizigo: 40,000
Chakula na matumizi ya miezi 2 ya mwanzo, shilingi 300,000 kwa mwezi: 600,000
Fedha za kurudi, nauli na mizigo: 190,000

Jumla: shilingi 1,330,000

Kwa nini kodi ya miezi sita? Kwa sababu wenye nyumba wengi wa Dar es Salaam hawapokei kodi ya mwezi mmoja. Wanataka ya miezi sita, au hata ya mwaka mzima, kabla hujaingia. Dalali naye mara nyingi hudai kiasi kilicho sawa na kodi ya mwezi mmoja. Wageni wengi hawalijui jambo hili, nalo ndilo linalowakwamisha.

Na kwa nini fedha za kurudi? Kwa sababu mwenye nauli ya kurudi hakai mjini kwa kulazimika. Fedha hizo ziwekwe mahali pasipoguswa. Zisiwe za sukari. Zisiwe za simu. Kama mtakaa vizuri mwaka mzima, zitakuwa mtaji.

KARATASI ZA KUCHUKUA

Mjini watu hawakujui. Kijijini ukitaja jina la babako inatosha. Mjini utaulizwa karatasi. Chukua hizi, uzitie katika mfuko wa plastiki ili zisilowe:

1. Kitambulisho cha Taifa au namba yake.
2. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto.
3. Kadi za kliniki za watoto wadogo.
4. Barua za uhamisho za wanafunzi, kutoka kwa mwalimu mkuu.
5. Cheti cha ndoa, kama mnacho.
6. Barua ya utambulisho kutoka ofisi ya kijiji.
7. Nakala ya hati ya shamba au ya mapatano ya shamba. Hati yenyewe iache kwa mtu mwaminifu nyumbani.

Namba za simu ziandike pia katika karatasi. Simu ikiibwa, namba zote huondoka nayo.

SIKU YA KUFIKA

Zamani mabasi ya mikoani yalikuwa yakiishia Ubungo. Tangu mwaka 2021 mabasi mengi huenda kwenye kituo kipya cha Magufuli, Mbezi Luis, kabla hujafika Ubungo kwa barabara ya Morogoro. Tangu mwaka 2024 kuna pia treni ya umeme kati ya Dodoma, Morogoro na Dar es Salaam. Mwulize mwenyeji wako atakupokea kituo gani, saa ngapi.

Ukishuka, watu watakuzunguka. Mmoja atashika mzigo wako, mwingine atamshika mtoto mkono. Wengi wao wanatafuta riziki ya halali kwa kubeba mizigo. Baadhi ni wezi. Shika mzigo wako mwenyewe. Patana bei kabla mtu hajaubeba. Usionyeshe fedha. Usimpe mtu usiyemjua simu yako "apige mara moja tu".

Katika siku za mwanzo nenda ofisi ya Serikali ya Mtaa pamoja na mwenyeji wako. Toa barua yako ya utambulisho. Mjulishe mwenyekiti wa mtaa kwamba mmekuja, ninyi ni watu wangapi, na mnakaa nyumba ya nani. Siku utakapohitaji barua kwa ajili ya kazi, benki au shule, utakuwa unajulikana.

KUPANGA CHUMBA

Usitoe fedha kwa chumba ambacho hujakiona. Kitazame mchana. Kitazame tena mvua ikinyesha, ikiwezekana. Uliza maswali haya: Choo kiko wapi, na kinatumiwa na watu wangapi? Maji hutoka siku gani? Umeme huchangwa vipi? Nyumba nyingi zina mita moja ya LUKU kwa wapangaji wote, na ugomvi mwingi wa uani huanzia hapo.

Hakikisha kwamba anayepokea fedha ni mwenye nyumba kweli. Waulize wapangaji. Uliza ofisi ya mtaa. Wako matapeli wanaopangisha chumba kimoja kwa watu watatu kwa siku moja.

Kisha andikianeni. Soma mapatano yote mwenyewe kabla ya kutia sahihi. Usikubali kusomewa tu. Mapatano mafupi yanaweza kuwa hivi:

MAPATANO YA KUPANGA CHUMBA

Mimi ....................., mwenye nyumba, nimempangisha ..................... chumba kimoja katika nyumba yangu iliyopo mtaa wa .....................
Kodi ni shilingi ............. kwa mwezi.
Nimepokea kodi ya miezi 6, jumla shilingi ............., kuanzia tarehe ............. mpaka tarehe .............
Maji na umeme vitalipwa hivi: .....................
Mmoja wetu akitaka kuvunja mapatano haya, atatoa habari mwezi mmoja kabla.
Sahihi ya mwenye nyumba .............
Sahihi ya mpangaji .............
Sahihi ya shahidi .............
Tarehe .............

Andikeni nakala mbili. Moja yake, moja yako.

MABONDE, MAJI NA AFYA

Utaona vyumba vya bei ndogo sana mabondeni. Jiulize kwa nini ni vya bei ndogo. Desemba 2011 mvua kubwa zilinyesha Dar es Salaam. Maji yalijaa katika bonde la mto Msimbazi, Jangwani na sehemu nyingine. Watu walikufa, na nyumba nyingi ziliharibika. Baadaye Serikali iliwapa baadhi ya waathirika viwanja Mabwepande, mbali na katikati ya mji. Bonde ni njia ya maji. Maji yanaweza kukawia miaka mitatu, lakini njia yao hawaisahau.

Basi ni afadhali chumba cha mbali kidogo, kilicho juu, kama vile Chanika au pembeni mwa Mbagala, kuliko chumba cha karibu kilichomo bondeni. Lakini kumbuka kuongeza nauli katika hesabu yako.

Mjini watu wamesongamana, na vyoo viko karibu na visima. Ugonjwa wa mmoja huwa wa wengi upesi. Mwaka 2015 kipindupindu kilizuka Dar es Salaam, kikaenea mikoa mingine. Chemsha maji ya kunywa, au yatie dawa. Nawa mikono kwa sabuni ukitoka chooni na kabla ya kula. Funika chakula. Laleni katika chandarua, kwa kuwa mbu wa malaria wako mjini pia. Mama mwenye mtoto mdogo aende kliniki mapema na kadi yake, asingoje mtoto augue.

WATOTO

Tangu Januari 2016 shule za Serikali, kuanzia za msingi mpaka kidato cha nne, hazitozi ada. Lakini sare, daftari na nauli ni juu ya mzazi. Hamieni wakati wa likizo, ili mtoto asikose masomo. Shule nyingi za mjini zina watoto wengi darasani. Mtoto mgeni anaweza kuchekwa kwa namna anavyosema. Mtie moyo. Kila jioni mwombe akusomee ukurasa mmoja wa kitabu. Wewe nawe msomee.

Kijijini mtoto akipotea, kila mtu anajua ni wa nani. Mjini hawamjui. Mfundishe jina lake kamili, jina la mtaa, na namba yako ya simu. Mfundishe kuvuka barabara. Ajue nani anaruhusiwa kumchukua shuleni.

Tuseme neno moja juu ya mabinti. Mara nyingine ndugu au rafiki wa mjini husema, "Nipeni binti yenu akae nami, nitamsomesha." Wengine ni wema. Wengine wanatafuta mtumishi wa bure. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto mwenye umri chini ya miaka 14. Usimtoe binti bila kujua atakaa nyumba gani na atasoma shule gani. Piga simu, uzungumze na binti mwenyewe, si na mwenye nyumba tu. Ukiambiwa kila siku kwamba "amelala" au "ametoka", nenda ukamwone.

WENYEJI NA WAGENI

Mtakapofikia kwa ndugu, kumbukeni methali: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mjini jembe ni ndoo ya maji, ni ufagio, ni mfuko wa unga ulioletwa kutoka nyumbani. Msifike mikono mitupu. Semeni tangu mwanzo mtakaa muda gani, kisha mtimize ahadi.

Na ninyi mkiisha kuwa wenyeji, wageni watakuja. Mtu wa kwenu atapiga simu kutoka kituo cha mabasi. Kumkataa ni vigumu, na si desturi yetu. Lakini mwambieni kweli mapema, kabla hajasafiri: chumba ni kimoja, na sisi tuko sita. Ukweli wa mapema ni heshima.

KURUDI SI AIBU

Wekeni siku ya kupima. Baada ya mwaka mmoja, mume na mke mkae chini na daftari lenu. Tazameni: Je, tunakula milo mingapi? Je, deni limepungua au limeongezeka? Watoto wanasoma? Afya zetu zikoje? Shamba la nyumbani likoje?

Kama hesabu ni nzuri, endeleeni. Kama ni mbaya miezi sita mfululizo, zungumzeni juu ya kurudi. Anayerudi akiwa na nauli yake, shamba lake na watoto wake wazima hakushindwa. Alikwenda kujaribu, akapata habari. Anayeshindwa ni yule anayebaki kwa kuogopa kuchekwa, mpaka anauza sufuria.

Waliotuma watu mjini nao wana wajibu. Wewe uliyebaki kijijini, usimcheke aliyerudi. Ukimcheka yeye, mwingine ataogopa kurudi, naye anaweza kuwa mwanao.

Methali inasema: Haraka haraka haina baraka. Mji hautahama. Utaukuta hapo hapo baada ya mavuno, utakapokuwa umeweka akiba, umeandika mapatano ya shamba, na mwenzako amekubali kwa moyo wake wote.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Taja sababu tatu zinazowafanya watu wa kijiji chenu wahamie mjini. Ni zipi nzito, ni zipi nyepesi?
2. Katika hesabu yetu, kwa nini shamba liliweza kuondoa upungufu?
3. Kwa nini ni vizuri mtu mmoja atangulie?
4. Yuko mtu katika darasa lenu aliyewahi kukaa mjini? Mwombe aeleze bei alizozikuta huko na mwaka aliokaa.
5. Tufanye nini kijijini ili anayerudi asione aibu?

ZOEZI LA KUANDIKA

Andika hesabu ya mwezi mmoja ya jamaa yako mwenyewe, kana kwamba mnaishi mjini. Kisha andika hesabu ya mwezi mmoja ya hapa kijijini. Katika hesabu ya kijijini, usisahau kuandika bei ya vitu usivyovinunua: unga wa shambani, kuni, maji ya kisima, mboga za bustanini na nyumba yako. Linganisha hesabu hizo mbili. Msomee mwenzako nyumbani.